Lori la Machungwa Ndani ya Geti

Kila wiki hapa Pongwe, Tanga, ananijia mtu na bahasha ya kaki. Ndani mna cheti cha kidato cha nne, picha mbili za pasipoti na barua ya maombi aliyochapiwa stationery. Dada Neema shikamoo, tumesikia ulifanya kazi na mashirika kule Kongo, tusaidie konekshini. Nikisema nimeacha, wananiangalia kama mtu aliyemwaga sinia la pilau jalalani. Nina miaka thelathini na mbili na nimestaafu. Chekeni tu. Mguu wa kurudi kule sina, na asiye na mguu wa kurudi ni mstaafu hata kama ana meno yote.

Sasa nimechoka kueleza mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome wote, kisha mniache niuze misumari yangu. Naandika ninavyoongea. Daftari langu la kule ninalo hapa, limelowa kona moja, na kuna kurasa sipendi kuzifungua. Nitarukaruka. Anayetaka mpangilio akasome historia.

Kazi yangu iliitwa ugavi. Nilianza kibarua wa kuhesabu mablanketi kambi ya wakimbizi kule Kigoma, nikawa mtunza stoo, mwisho shirika likaniuliza kama naweza kuvuka ziwa nikasimamie hospitali yao moja Kongo mashariki, kwenye vita. Nilisema naweza kabla hawajamaliza kuuliza. Babu yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge Tanga, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Mimi nishindwe kupanda boti?

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo. Wodi ya wazazi, wodi ya watoto, chumba cha upasuaji, stoo ya dawa. Bondeni lilikaa jeshi la serikali, milimani walikaa waasi, sisi katikati. Daktari na manesi walishika wagonjwa. Kila kilichobaki kilikuwa changu: jenereta, maji, magodoro, magari, mapaa na geti. Nilidhani geti ndilo dogo kuliko vyote.

Shikeni jambo moja, maana mengine yote yananing'inia hapo. Hatukuwa na askari, hatukuwa na ukuta wa maana, tulikuwa na seng'enge na ahadi. Ahadi ilisema hakuna bunduki inayopita geti letu, iwe ya nani. Pande zote mbili ziliamini, kwa hiyo pande zote mbili zilituacha tuzalishe na kushona. Siku watakapoacha kuamini, mama mwenye uchungu ana mwendo wa siku mbili mpaka hospitali nyingine. Hivyo ndivyo tulivyoishi, kwa neno tu.

Wiki yangu ya pili nilikaribia kutumaliza wote kwa usafi. Stoo ilikuwa na mablanketi ya msaada, ya kijani ya kuiva, yananuka panya. Mimi nimelelewa na mama ambaye shuka likinuka tu halali mtu humo. Nikayafua yote siku moja, nikayatandaza kwenye majani uwanjani, mistari imenyooka, gwaride kabisa. Nikasimama pembeni kujisifu. Saa tano ikapita helikopta. Ikarudi. Ikarudi tena chini zaidi mpaka mablanketi yakaanza kutambaa yenyewe.

Muuguzi mkuu alikuwa Mama Furaha, mwanamke mfupi, mkavu, mjane, ambaye wodi ya wazazi ilimtii kuliko ilivyomtii daktari. Akatoka na glavu mikononi, akaangalia juu, akaangalia chini, akaelewa kabla yangu. Kutoka juu tulikuwa kambi ya jeshi. Akarudi ndani akanyang'anya vitanda mashuka meupe, akatutoa wote mbio kwenda kuyatandaza juu ya yale ya kijani. Helikopta ikazunguka mara moja, ikaenda zake.

"Ukifua," akaniambia, "fua kama hospitali."

Hakurudia tena maneno hayo na mimi sikufua tena kijani. Basi ninyi mkipata kazi hizi, kijani marufuku, kaki marufuku, buti za jeshi za mtumba marufuku hata zikiwa imara namna gani. Gari liegeshwe pua ikitazama nje, maana siku ya kukimbia hakuna wa kukusubiri upige rivasi. Alama ya juu ya paa ipakwe upya kila masika yakiisha. Rangi nyekundu ya bei poa inageuka kahawia haraka, na bati lenye kutu halimwambii rubani kitu.

Walionitangulia walisema zamani alama na bendera vilitosha. Wakati wangu ilibidi tutume pia vipimo vya mahali tulipo, tarakimu mpaka ya mwisho, kwa kila mwenye ndege na kila mwenye mzinga. Nilituma kila mwezi. Walijibu "tumepokea." Hospitali ya bonde la pili nao walituma, nao walijibiwa wamepokelewa, na paa lao likashuka juu ya wagonjwa wao mchana kweupe. Kila upande ulisikitika sana. Ukakaa uchunguzi. Nadhani bado umekaa.

Nije kwenye geti.

Getini alikuwepo mzee mmoja fundi seremala, Papa Kasereka. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akageuka nyuma kuangalia naongea na nani. Kule salamu hiyo hawana. Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo mtoto anavyoweka kichwa chini ya mkubwa, naye anatakiwa kujibu marahaba. Ikamkaa. Tangu hapo nikipita asubuhi bila kumwamkia ananiita: "Mama Tanzania, ile kitu yangu iko wapi?" Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na tano, mzee wa sabini ananiita mama na anadai shikamoo yake.

Papa Kasereka alichonga benchi kwa mkono wake, mbao nene, refu la kukalia watu sita, akaliweka nje ya geti kwenye kivuli. Pembeni kulikuwa na kibanda chenye vigingi vya kutundikia bunduki. Akija mwenye silaha, mzee hasemi "weka bunduki." Anasema karibu, kaa. Anampa maji ya mtungi. Anamuuliza ametoka mbali? Watoto hawajambo? Baada ya hapo, taratibu, anamwambia ule mzigo begani utamchosha bure, autundike hapo, na anampa kipande cha mti chenye namba ili akitoka aupate uleule.

Mimi ilikuwa inanikera. Mtu amebeba majeruhi, wewe unamuuliza habari za watoto? Nikamwambia tuweke bango kubwa, bunduki iliyokatwa mstari mwekundu, mtu asome, atii, aingie. Akanisikiliza. Bango tukaliweka. Siku hiyohiyo akaja kamanda amelewa, mdogo wake yuko kwenye machela, akalipiga bango teke likalala chini. Mimi nikarudi nyuma. Papa Kasereka akalipangusa benchi kwa mkono, kama mtu anayemtengea mkwewe, akaonyesha pa kukaa. Kamanda akasimama, akatukana, akakaa. Machela ikaingia. Baada ya dakika kumi bunduki ipo kwenye kigingi na kamanda analia.

"Uko na haraka mingi, Mama Tanzania," mzee akaniambia baadaye. "Mutu akikaa, hasira yake nayo inakaa."

Halafu kulikuwa na daftari la geti. Kila mtu na kila gari lilikuwa na mstari wake: saa ya kuingia, ametoka wapi, silaha ngapi zimeachwa kibandani, silaha ngapi zimeingia ndani, saa ya kutoka. Kwenye safu ile ya zilizoingia ndani kulikuwa na sifuri. Sifuri ukurasa baada ya ukurasa tangu hospitali ifunguliwe. Papa Kasereka alizichora polepole, mviringo kama mayai. Likitokea neno lolote, bondeni au milimani, Mama Furaha alikuwa akiwapelekea lile daftari. Haya, nionyesheni. Wanalifungua, wanaona mayai, wanalirudisha.

Sasa nakwenda haraka, nisije nikaghairi.

Papa Kasereka alikwenda kuzika shemeji yake. Nikakaa getini mimi, siku moja tu. Saa nne na nusu likaja lori limejaa bidhaa za mfanyabiashara wa mjini, na juu ya turubai wamekaa askari wanne wa serikali na bunduki zao. Njia ile hakuna lori lililopita bila wasindikizaji, ilikuwa amri. Dereva akashuka, shati limemganda mgongoni, anaomba maji ya rejeta. Nikamjibu. Akanitazama.

"Weye dada, mbona waongea kama mtu wa kwetu?"

"Kwenu wapi?"

"Miye wa Moa. Bakari."

"Mimi Pongwe."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Pongwe! Sasa na huku umefuata nini, huko wamekufukuza?"

Miezi saba sijasikia mtu akiongea vile. Miezi saba watu wananiuliza kama Tanga ni karibu na Dar. Huyu anaijua njia ya Horohoro, anamjua muuza samaki wa pale stendi ya Pongwe, anajua mpaka jina la mbuzi wake maarufu anayekula nauli za watu. Akapanda juu ya lori akashusha gunia. Machungwa ya Muheza. Alikuwa ameyabeba auze njiani, akaniambia hili ni la kwako, mimi siwezi kumkuta dada yangu vitani nikampa mkono mtupu.

Nikawaambia askari watundike bunduki kibandani wanywe chai. Wakakataa, msindikizaji haachi silaha. Walikuwa na haki yao. Jibu linalofuata hata mtoto analijua: basi lori libaki nje, Bakari akae benchini, nimletee chai pale.

Lakini mnajua wenyewe kwetu. Mtu wa nyumbani humpi chai mlangoni. Chai ya mlangoni anapewa mpita njia. Ukimkuta mtu wa Tanga ugenini ukamweka nje, habari zitafika Moa kabla yake, na mama yako atasutwa nazo msibani. Tena ameniletea machungwa. Nikaliangalia lile benchi nikaona aibu, nikaona kama nitamkalisha pale nitakuwa nimemwambia simjui.

Nikafungua geti.

Lori likaenda kusimama nyuma ya wodi ya wazazi, chini ya mparachichi, karibu na tangi la maji. Askari walibaki juu, bunduki katikati ya magoti, wanamenya machungwa na kutema mbegu. Nilimpa Bakari chai na viazi, tukaongea nusu saa. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikaniuma. Wanawake waliokuwa wakingoja kliniki walitutazama. Mmoja alikuwa na simu. Nilimwona, sikufikiri kitu.

Walipoondoka nikakaa kwenye benchi na daftari mapajani. Nikaandika namba ya lori. Nikafika safu ya silaha zilizoingia. Juu yake mayai, mayai, mayai, mwandiko wa mzee. Kalamu ikakataa. Nikaifuta namba ya lori kwa mate na kidole, nikaacha mstari mtupu, nikasema nitajaza baadaye nikipata namna ya kuliweka. Papa Kasereka aliporudi aliuliza mbona mstari umerukwa. Nikamwambia kalamu ilivuja.

Machungwa niliyagawa. Nilisema dereva wa kwetu kayaacha getini. Mama Furaha alikula yake amekaa kizingitini mwa wodi, juisi inamtiririka mpaka kiwiko, akasema mtu mwenye kula hivi kwao anafuata nini huku. Tukacheka.

Wiki mbili baadaye mchungaji wa kanisa la pale kijijini akaleta ujumbe kutoka milimani. Hospitali imekuwa nyumba ya jeshi. Tuna siku saba za kuondoka.

Daktari alikuwa likizo, mkubwa wetu alikuwa Mama Furaha. Akatuita mimi na Papa Kasereka ofisini. Akasema hayo ni maneno ya sokoni, amekwisha kuyazima mara tatu, atapanda mwenyewe na daftari. Akalifunga kwenye nailoni. Kisha akanigeukia.

"Kuna kitu sijui?"

Mpaka leo nikiwa dukani, mtu akinihesabia chenji, nalisikia swali lile. Sikuulizwa kwa ukali. Aliniuliza kama anavyomuuliza mgonjwa kabla ya sindano, kuna dawa inakudhuru? Ningesema ndiyo, angepanda na neno la kweli. Lori liliingia, ni kosa letu, tumemwondoa aliyelifanya. Waasi wale walikwisha kusikia makosa ya watu wengi, na yeye alikuwa na ulimi wa kuomba. Hata mimi nilijua hivyo pale pale nilipokuwa nimesimama.

"Hapana, Mama," nikasema.

Akapanda nyuma ya pikipiki na kitambaa cheupe kwenye fimbo.

Yaliyotokea juu Mama Furaha alikuja kumsimulia Papa Kasereka baadaye, na mzee akaniambia kwa maneno machache. Alifungua daftari mbele ya kiongozi wao, akaweka kidole kwenye zile sifuri, akaapa kwa watoto wake. Wakamsubiri amalize. Kisha wakatoa simu. Lori, tangi letu la maji, ukuta wa wodi yake, askari wanamenya machungwa. Hawakumpiga. Walicheka. Wakambakiza awashonee majeruhi wao.

Zile siku saba hawakuzingoja. Siku ya nne wakashuka kwetu, saa tisa alasiri. Wakatupa muda wa kutoa wagonjwa. Tulitoa wamama wenye nyuzi mbichi, tukawabeba kwenye yale mablanketi ya kijani, maana ndiyo yaliyokuwa karibu. Papa Kasereka hakutoka na sisi. Alisimama getini, akalipangusa benchi kwa mkono, akamwambia wa kwanza aliyefika karibu, kaa. Yule akamsukuma chini. Benchi wakalibeba watu sita, wakavunjia nalo mlango wa stoo ya dawa. Kisha wakaichoma stoo na wodi ya wazazi.

Msije mkanishika vibaya. Aliyechoma ndiye aliyechoma. Sheria ya vita naijua, nimekaa kwenye semina nne, nimekula vitafunio vyake: hospitali haichomwi kwa sababu ya lori lililokunywa chai nusu saa. Walikuwa wanatafuta kisingizio na wangekipata penginepo. Haya yote nimejiambia. Yananisaidia mpaka saa sita mchana hivi.

Siku ile hakufa mtu. Waliokufa walikufa baadaye, njiani, wakitafuta hospitali nyingine, na wa namna hiyo hawaingii kwenye ripoti. Ripoti niliandika mimi. Niliandika shambulio lisilo na sababu yoyote. Wakubwa waliisifu kwa uwazi wake, wakatoa tamko la kulaani vikali. Nadhani hata hao waasi walilisoma. Walijibu wamesikitika.

Tulikuwa tumehamia shule ya kanisa, wagonjwa kwenye madawati. Siku ya tisa Mama Furaha akarudi kwa miguu, kiatu kimoja chake, kingine cha mwanaume. Manesi wakamkimbilia. Papa Kasereka alikuwa kakaa kwenye tofali mlangoni, mkono umefungwa. Nilimwamkia asubuhi ile shikamoo, kama kila siku. Aliangalia barabara.

Mama Furaha akanywa maji, akawashika mikono wote mmoja mmoja, akanifikia mimi akapita. Akakaa kwenye ngazi ya darasa, nami nikakaa ngazi ya chini yake. Akatoa daftari chini ya kitenge, bado lipo kwenye nailoni, akalifungua mahali bila kutafuta, akaliweka mapajani pangu na kalamu juu yake.

"Jaza," akasema.

Nilianza kueleza. Nikataja nyumbani, nikataja mgeni, nikataja miezi saba.

"Sikukuuliza. Jaza."

Nikajaza. Saa nne na nusu. Lori, dereva Bakari wa Moa. Silaha zilizoachwa kibandani, sifuri. Silaha zilizoingia ndani, nne. Saa tano kamili, limetoka. Aliyefungua geti, Neema. Mwandiko wangu ulionekana mwembamba chini ya mayai ya mzee.

Akalichukua, akasoma mstari ule polepole kama anasoma cheti cha kifo, kidole kikifuata maneno. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Umesahau machungwa," akasema. "Andika. Mimi nilikula mawili."